Kitanda cha Mabula

Mabula alikuja na gari la mizigo kumchukua mkewe, Nyamizi, wakaishi mjini kwenye nyumba aliyonunua kwa mkopo wa benki. Alimkuta akisiriba ukuta wa nyumba yao ya kijijini, vyumba viwili walivyojenga kwa mikono yao, bila kudaiwa na mtu.

"Kule kuna umeme na maji ya bomba, Mama Sayi."

"Kule ni kwa benki, Baba Sayi. Ukiugua tu, watatutoa nje. Hapa nani atanitoa?"

"Basi baki na udongo wako. Kitanda nilinunua mimi."

Nyamizi alidhani anatania, mpaka alipoona godoro likitupwa garini. Kitanda kilikwama mlangoni. Mabula alikisukuma huku akitukana. Nyamizi akanawa tope mikononi, akashika upande wa pili, akakiinamisha, kikatoka.

"Nikifika mjini, Sayi akiuliza ulipo?" Mabula alisema, bila kumtazama.

"Mwambie mama yake yuko kwake."

Gari lilipoondoka, Nyamizi aliingia chumbani. Kuku alikuwa ameshamtangulia, anaparura pale walipokuwa wakilala. Nyamizi alisimama akimtazama, wala hakumfukuza.