Viatu vya Kuposea

Viatu vilikuwa vidogo. Thembo alilijua hilo kabla hajatoka Kyondo, na mteremko wote mpaka Bwera vidole vyake viligonga mbele kama vinabisha hodi.

"Nivue, nivibebe mkononi," alisema njiani.

"Uvue?" Kule, rafiki yake, muuza mitumba, ndiye aliyemwazima. "Hivi vilikuwa vya mzungu wa mgodini, bwana! Acha vizoee mguu. Muzee Benoît amesoma Kilatini kwa mapadri. Wanaume wawili amesharudisha. Ukifika peku, binti umemukosa."

Emérance mwenyewe alishakubali. Aliyebaki ni baba yake, huyo Mzee Benoît. Thembo alimtaka Emérance kuliko alivyovitaka vidole vyake, akaendelea kuchechemea.

Mzee Benoît aliwapokea mlangoni. Alikuwa mtu wa Butembo, aliyekimbilia Uganda kwenye vita vya mwaka wa sitini na nne, na sasa alikuwa na duka la vitenge hapo Bwera. Aliwatazama wageni wake kuanzia juu mpaka chini, na macho yalipofika chini yakakaa.

"Mumetoka Kyondo na miguu?"

"Ndiyo, baba."

"Na hivi viatu?"

"Ndiyo, baba."

"Eh." Akavuta kiti, akamwita mkewe. "Laurentine! Leta chai. Chai mingi."

Sheria ya nyumba ile ilikuwa moja: mwenye kuposa hainuki kitini mpaka mwenye binti amalize maneno yake. Na Mzee Benoît alikuwa na maneno. Tangu avuke mpaka alikuwa akijifunza Kiingereza, na kila neno alilolipata alilifuata nyumanyuma mpaka kwao.

"Maneno ya Waingereza beko bakimbizi kama mimi," alisema. "Kila moja iko na kwao. Chukua hii: anguish. Wanasema ni uchungu mukubwa wa roho. Sawa. Lakini ilitoka wapi?"

Thembo alikuwa anatazama sakafu. Mzee alivaa kandambili za tairi, na vidole vyake vilikuwa vimepandana kama watoto waliolazwa kitanda kimoja.

"Kilatini! Angustia. Maana yake nafasi ndogo. Kubanwa! Mufaransa akaichukua, Mwingereza akaipokea kwake. Hata ninyi munasema dhiki, na chumba kidogo nacho ni dhiki. Wazee bale walijua: mutu anaumia pale anapobanwa. Unanisikia, kijana?"

"Nasikia sana, baba."

Kule akakohoa. "Muzee, sasa kuhusu binti..."

"Ngoja. Bado daraja."

Akaanza habari za daraja. Siku ya kukimbia: mbao nyembamba, watu wamebanana, bunduki nyuma, Laurentine na cherehani kichwani, Emérance, bado mtoto, amemshika mama yake nguo asipotee. Thembo alijaribu kukunja vidole ndani ya kiatu. Havikuwa na pa kukunjikia. Alipomaliza kikombe cha tatu, chozi likamdondoka.

Mzee aliliona. Akarudi mwanzo wa daraja, safari hii akaongeza mvua.

Thembo sasa alilia bila kujificha, machozi yakimwingia kwenye kola. Mama Laurentine akaweka birika chini, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Huyu iko na roho, Benoît! Bale wengine walipiga miayo!"

"Unalia juu yangu, mwanangu?" mzee akauliza.

"Naumia, baba," alisema Thembo. Wala hakudanganya.

Mzee akavitazama tena vile viatu. Kisha akapiga goti lake kwa kiganja.

"Mutu anayeweza kuvumilia hivi, mutoto wangu nitampa. Emérance ni wako. Mambo ya mbuzi nitaongea na wazee wako."

Mama Laurentine akapiga vigelegele. Kule akasimama, akapeana mikono na kila mtu mara mbili, kama yeye ndiye bwana harusi.

"Sasa vua hivyo viatu," alisema Benoît. "Nilimuuzia huyu Kule mwaka jana. Ndivyo nilivyovaa siku ya kumuposa mama yake Emérance."

Kule akaanza kuangalia mabati ya paa.

Mzee akainama, akaanza kulegeza kamba kwa mikono yake mwenyewe, taratibu, kama mtu anayepajua panapouma.

"Mimi vilinilia kucha mbili," alisema kwa sauti ya chini. "Wewe?"

Thembo akavuta soksi, akatazama.

"Tatu, baba. Ya nne inacheza."