Viganja Vitupu

Sok Han alipiga makofi mara moja, akageuza viganja juu, kisha chini.

"Umeipanga meza wewe!" Mama Lou alimfokea. "Nimezeekea kwenye kasino za Makau. Mgawa karata hanichezei mimi."

"Mama, viganja hivi hapa. Vitupu."

Ndivyo afanyavyo kila mgawa karata kabla ya kuiacha meza, ili kamera ya darini ione hakuficha kitu. Kwa Sok Han yalikuwa mazoea kama kupumua.

Nguo nyekundu ilikwisha kutandikwa, na pa kuchagua palikuwa patatu: kushoto, katikati, kulia. Mchezaji akaletwa amebebwa, upara unang'aa, macho mazito.

"Kanywa huyu?" aliuliza Kam Seng, mtu wa maneno mengi.

"Kanywa hadi kasinzia," alijibu Mama Lou. "Mwekeni tu."

"Basi dau langu kulia! Shemeji, na wewe?"

Sok Han alirudi nyuma hatua moja. Mgawa karata hana upande, wala hamgusi mchezaji. Lakini moyo wake ulikuwa kushoto, kushoto kabisa. Sok Han alimpenda mchezaji huyu kuliko sheria ya kasino yoyote ilivyoruhusu. Mkono wa mchezaji ukienda kulia, basi naye, kama Sok Han, maisha yake yataishia kwenye meza za kasino, chini ya taa zisizojua kama nje kumekucha.

"Madau yamefungwa!" alitangaza.

Mkono ukanyooka. Ukaelekea kulia.

"Hapo hapo! Puliza! Puliza!" Kam Seng alipuliza hadi mashavu yakamvimba, kama wachezaji wanavyoipulizia karata ili igeuke watakavyo.

"Hebu acha kumpulizia mwenzio, utampa mafua!" Mama Lou alimkemea.

Mkono ukarudi katikati, ukasita. Sok Han akafumba macho. Chumba kizima kikalipuka kwa vigelegele.

"Kalamu!" Mama Lou alikuwa akirukaruka. "Kaacha sarafu ya kasino kulia, kaacha mwiko katikati, kashika kalamu kushoto! Ametimiza mwaka leo tu, na mjukuu wangu keshachagua kazi yake ya ukubwani, kama ilivyo desturi yetu!"

"Mwalimu wangu," Sok Han alinong'ona, machozi yakimlenga, akanyoosha mikono kumchukua.

Mtoto aliitazama kalamu, akailamba, akaiweka chini. Kisha akapiga makofi mara moja, akageuza viganja juu, kisha chini, na kuinua macho darini.