Wimbo Ambao Sensa Haikuuliza

Kikohozi kikavu kilisikika jikoni kabla sijafungua mlango. Babu Kombo alikuwa ameamka ndani ya spika iliyo juu ya friji. Siku hizi kila aliyeandikwa katika sensa za kale za Uingereza hurudishiwa sauti na mashine na kukaa na wajukuu zake. Yeye, mchochea makaa melini, usiku wa kuhesabiwa ulimkuta amelala katika bandari ya huko Uingereza.

“Babu, nimalizie ule wimbo wa kubembelezea watoto,” Mama alimsihi. “Bibi alifariki kabla hajanifundisha mwisho wake.”

“Nyimbo hawakuniuliza, mjukuu wangu. Waliuliza umri na kazi tu, nami nakumbuka yale waliyoandika.”

Mama akajifuta macho kwa kanga.

“Usilie, Mama,” nikasema, kisha nikaigeukia spika. “Babu, mwisho nitautunga mimi, niuingize usiku huu kwenye kumbukumbu zako. Kesho utaukumbuka.”