Kofi Lisilomo Kitabuni

"Kofi halimo!" Mzee alifoka, akainua riwaya yake juu kama refa mwenye kadi nyekundu. "Katika kitabu changu hakuna kofi!"

Mwigizaji aliyeigiza mke akabaki ameshika ukingo wa sinki, shavu limepakwa rangi nyekundu tayari. Yule aliyeigiza mume akateremsha mkono polepole, kama mtu aliyefumaniwa. Dairekta hakugeuka. Alikuwa mwanamke mwembamba, mkavu wa maneno, na siku hiyo hasira zake zilionekana hata mgongoni.

"Kata," alisema. "Tunarudia."

Filamu yenyewe ilikuwa ya kuungaunga. Jiko waliazimwa na mama mkwe wa yule aliyeigiza mume, ambaye kila mara alichungulia dirishani kuuliza yeye atapika saa ngapi. Mwanga waliuongeza kwa ubao uliovikwa karatasi ya kung'aa. Maikrofoni ilifungwa kwenye mpini wa fagio, na fundi sauti aliubeba tangu asubuhi mpaka shingo ikampinda. Wahenga wanasema rahisi inavunja upishi, lakini hawa hata huo upishi wa kuvunjwa hawakuwa nao.

Mali yao pekee ilikuwa riwaya ya Mzee. Kila aliyekaa darasani aliijua: mume mpole, mwenye subira, anaamka siku moja na kukuta mkewe ameondoka bila sababu wala kwaheri. Watu walimlilia sana mume yule. Makampuni makubwa yaliitaka hadithi hiyo, Mzee akayakatalia yote. Kisha akampa bure huyu Dairekta, ambaye hata mtaani kwao hakuna aliyemjua. Sharti lake lilikuwa moja tu: awepo wakipiga picha, na akichukizwa aondoe ruhusa yake.

Wenzake walisema dada huyu ana bahati ya mtende. Shukrani yake hawakuiona. Asubuhi wote walimwamkia Mzee kwa adabu zote. Dairekta alikuwa amejiinamia akifuta lenzi iliyokwisha kufutwa.

Onyesho la jikoni lilikuwa la mwisho, na ni yeye aliyelichomeka. Aliapa kwamba bila onyesho hilo hatoi filamu. Mzee naye aliapa kwamba likiwemo, filamu hakuna.

"Binti, nisikilize," Mzee alisema, akijitahidi kushusha sauti. "Mume huyu hakumgusa mkewe. Nimemtunga mimi, namjua."

"Wa kwako hakumgusa. Wangu anapiga."

"Nimekupa kitabu bure, leo unalichafua jina langu! Kweli asante ya punda ni mateke!"

"Jina lako limeingiaje hapa? Si umeandika mwenyewe ukurasa wa kwanza kwamba ni hadithi ya kubuni?"

Mume wa kuigiza akacheka, akaona hakuna anayecheka naye, akajifanya anakohoa.

Wakarudia. Safari hii Dairekta akamwagiza mume aingie akiyumba, chupa mkononi.

"Hakuwa mlevi!" Mzee aliruka kutoka kitini. "Pombe hakuigusa maisha yake yote!"

"Nani?"

Mzee akakigonga kitabu kwa kidole. "Mhusika wangu."

"Ondoa chupa," Dairekta akamwambia mwigizaji. Alimkubalia Mzee upesi mno, hata fundi sauti akamtupia jicho.

Wakarudia tena. Kofi likapita hewani, mke akaanguka na kupiga yowe.

"Yowe la nini sasa?" Mzee alisema kwa dharau. "Majirani wangesikia."

"Kwani hawakusikia?"

"Hawakusikia kitu."

Mke wa kuigiza akajiinua sakafuni, akamsogelea Dairekta na kumnong'oneza, "Dada, huyu mzee ananitisha. Tuache tu."

"Vumilia, mdogo wangu. Bado kidogo."

Dairekta akamgeukia mume wa kuigiza.

"Vua mkanda."

"Mkanda? Mbona kwenye skripti haumo?"

"Vua."

"Dairekta, suruali ni ya kaka yangu. Bila mkanda itaanguka."

"Ishike kwa mkono mwingine."

Siku nyingine wangecheka mpaka mbavu ziwaume. Mwigizaji akauvua mkanda, akaukunja mara mbili, suruali ameikamata kiunoni. Mke akajikunyata chini ya sinki na kufunika kichwa. Dairekta akasema twende, na mkanda ukapanda juu.

Mzee hakungoja ushuke. Alivamia mbele ya kamera, akampiga kikumbo mwigizaji, kitabu kikamponyoka na kukanyagwa na viatu vyake mwenyewe. Mishipa ya shingo ilikuwa imemtoka.

"Muongo! Muongo mkubwa we! Mkanda sikuushika hata siku moja! Mama yako nilimpiga kwa mkono tu!"

Hakuna aliyesogea. Mwigizaji alisahau suruali, ikamshuka magotini, na hakuinama kuipandisha.

Dairekta hakumtazama Mzee. Alimgeukia fundi sauti.

"Imeingia?"

"Imeingia yote, dada."