Msimu wa Mwisho wa Nyundo

Muuguzi alipovuta pazia, dereva wa lori alimwona mgonjwa wa kitanda cha pili, akamtambua. Fundi wa mageti! Yule yule aliyemvunja paja kwa nondo jana, baada ya lori kurudi nyuma na kuponda mageti yake mawili mapya. Na dereva ndiye aliyempasulia chupa usoni.

Sasa macho ya fundi yalikuwa yamefungwa bandeji nene. Haoni kitu.

"Nihamishe, dada," dereva alinong'ona.

"Nikupeleke wapi? Wodi imejaa." Muuguzi akakaza kamba iliyouning'iniza mguu wake, akaenda zake.

"Nani huyo jirani yangu?" fundi akauliza.

Dereva akabana koo, sauti ikatoka nyembamba. "Mimi mpishi. Nimeteleza jikoni."

"Pole, mpishi. Mimi kuna mtu kanipasulia chupa ya uso. Nikimpata namuua. Sitanii. Namkaba mpaka macho yamtoke."

Ili kugeuza maneno, dereva akataja kitu cha kwanza kilichomjia: Nyundo, askari aliyefukuzwa kazi katika ile tamthilia ya zamani ya televisheni.

Fundi akainuka nusu. "Kumbe na wewe ni mtu wa Nyundo!"

Hapo wakawaka. Wakakumbushana msimu wa tano, Nyundo alipomkandamiza mtu uso kwenye jiko la moto. Msimu wa sita, alipopigana na watu saba ndani ya lifti, damu ikachuruzika chini ya mlango. "Na kile kiwiko alivyokivunja, kwaa!" Fundi alicheka, akapiga godoro ngumi. Baada ya msimu huo televisheni yake iliungua. Hakuuona msimu wa mwisho.

Dereva alikuwa ameiona yote. Basi kila mchana, baada ya dawa, alimsimulia sehemu moja: rafiki wa Nyundo alivyomsaliti, akamchoma mke wa Nyundo ndani ya gari, Nyundo alivyowamaliza watu wa msaliti mmoja mmoja, kwa mnyororo, kwa shoka, kwa mikono mitupu. Fundi alimgawia machungwa aliyoletewa na dada yake, akamwita ndugu yangu. Hofu ikaanza kumtoka dereva.

"Taratibu, mpishi," fundi alikuwa akimwambia. "Usinimalizie haraka."

Siku ya tisa ikabaki sehemu ya mwisho. Kwenye tamthilia, Nyundo alimnyonga msaliti kwa waya wa simu, akamkodolea macho mpaka akakata roho. Dereva hakuthubutu kusema hivyo.

"Nyundo akamshika koo," alisimulia. "Akamtazama weee. Halafu akamwachia. Akasema, nimechoka kuua."

Fundi akaketi kitandani. "Kwa hiyo alimsamehe."

"Alimsamehe."

"Na ndiyo basi? Hakuna kingine?"

"Ndiyo basi, ndugu yangu."

Fundi akateremka. Akapapasa chuma cha kitanda cha jirani, hatua kwa hatua, mpaka akaufikia mto. Viganja vyake vizito vikatua shingoni mwa mwenzake, polepole, kama mtu anayetaka kumkumbatia.

"Asante," alisema. "Nilikuwa nangoja tu kujua mwisho, dereva."