Mstari wa Wazee

Walimtoa Mbelu kwenye mstari wa wazee wakimzomea.

"We mama, hauna haya?" karani wa treni alimwuliza, kalamu sikioni. "Uko na myaka makumi sita na mbili? Na ile uso?"

"Ni kweli, tata. Kadi yangu iliungua na nyumba kule Mutoshi. Niko na mugonjwa, nataka..."

"Batu bote hapa beko na bagonjwa. Toka."

Watu wakacheka, na hakikuwa kicheko cha furaha. Mwaka ule wa tisini na tatu, stesheni ya Kolwezi ilijaa familia zenye asili ya eneo la Kasai, zilizofukuzwa majumbani na kuambiwa ziende kwao, hata wale waliozaliwa hapa hapa. Wiki tatu watu walilala juu ya kokoto za reli. Asubuhi hiyo lilikuwa limefika behewa moja lenye paa: wazee tu, kuanzia miaka sitini, kila mmoja na mtu mmoja wa kumwangalia. Wengine wangengoja mabehewa ya wazi, na hakuna aliyejua yangefika lini. Ngojangoja ya pale haikuumiza matumbo tu, iliua. Sasa mwanamke mwenye mashavu laini akijipenyeza katikati ya wazee, nani amhurumie?

Mbelu alirudi kwenye mkeka wake akitazama chini. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mgonjwa wake, Kabongo, alikuwa amelala pale pale, amejikunyata chini ya blanketi, mvi kichwa kizima, mapengo mbele, mashavu yameingia ndani. Miaka ya kuchimba shaba chini ya ardhi, pombe kali ya lutuku kila jioni na sigara badala ya chakula vilikuwa vimemchakaza. Sasa kuhara damu kulikuwa kunamalizia kilichobaki. Majirani walimwita muzee, wengine tata, yaani baba, naye hakuwa na nguvu ya kuwajibu. Mbelu alijua jambo moja tu: wasipopanda leo, atamzika kando ya reli kama walivyozikwa wengine.

Kwenye mkeka wa pili alikaa Tshiela, mwanamke wa mjini waliyefahamiana hapo stesheni tu. Alikuwa ameona yote.

"Makumi sita na mbili," akamtania. "Hata uongo iko na kipimo, mama. Mi niko na makumi ine, na tukikaa pamoja batu banasema mi ni yaya yako, dada mukubwa. We unapakalaka nini?"

"Sipakalake kitu."

Kule Mutoshi swali hilo lilikuwa likimfurahisha. Jumapili baada ya misa wanawake walikuja kwake, naye akawapa somo kama mwalimu: mboga za matembele na lengalenga kila siku, karanga badala ya mafuta mengi, sukari kidogo, maji, kutembea hadi shambani alfajiri, kulala mapema, kujikinga na jua, na mapomadi ya kujichubua yatupwe chooni. Alijivuna, na kusema kweli alijivuna sana. Leo ngozi ile ile ilimfanya aone haya kuinua uso. Wewe unang'aa, na mtu wako kando yako amekwisha namna hii. Watu wakuulize ulikuwa wapi, utajibu nini?

Tshiela aliuliza hasa hilo, bila ubaya. "Na tata yako, yeye hakukulaka ile mboga?"

Mbelu alimfuta Kabongo mate kwenye kidevu kabla ya kusema. "Nilimupikiaka. Alikuwa anasukuma sahani. Nikachoka kumukaripia, nikabaki najipikia mi mwenyewe."

Maneno hayo ya mwisho yalimchoma mwenyewe.

"Sasa mbona unajisumbua na uongo?" Tshiela akasema. "Muzee uko naye. Mupeleke kwa karani, we utapanda sawa mutoto wake. Si banasema muzee na mutu mumoja?"

Mbelu alimgeukia mgonjwa wake. Kabongo alifumbua macho, alikuwa amesikia.

"Hapana," akanong'ona. "Usiseme ivyo. Niache hapa."

"Nyamaza. Simama," Mbelu akamwambia, na Tshiela akashangaa kidogo kwa ukali ule.

Walimshika kila mmoja kwapani, wakamkokota hadi mbele ya mstari. Karani aliinua kichwa.

"Ni we tena?"

"Ni mi, tata. Nimeleta muzee."

"Ni tata yako?"

Mbelu alitazama viatu vya karani. Kabongo aligeuza uso upande wa reli.

"Ndiyo," Mbelu akasema. "Ni tata yangu."

"Myaka ngapi?"

"Makumi saba."

Karani aliangalia mvi, akaangalia mapengo, wala hakuuliza kadi. Aliandika kikaratasi, lakini kabla ya kukitoa akamtazama Mbelu kwa huruma ya mtu anayefundisha.

"Ungesema ukweli tangu asubui, mama. Kuonea tata yako haya ni kitu mubaya."

Wazee waliomzomea wakatikisa vichwa kukubali. Mbelu alipokea kikaratasi. Tshiela akamkumbatia, akarudi mbio kuangalia mizigo yake.

Mlango wa behewa ulikuwa juu, na magoti ya Kabongo yalikataa kabisa. Babu mmoja aliyekwisha kupanda akainama kutoka ndani.

"Mubebe ku mugongo, mutoto wangu. Tata yako hana hata kilo."

Mbelu alifungua kitenge kiunoni, akachuchumaa, akamvuta Kabongo mgongoni na kukaza fundo kifuani. Alikuwa hajambeba hivyo tangu alipomwachisha ziwa.