Kibano Kimoja

Kila asubuhi, kabla lango la chuo halijafunguliwa, mwalimu wa uashi alipanda jukwaa la mazoezi na kuliharibu.

Hakuliharibu sana. Kati ya vibano vyote vya chuma vilivyofunga bomba kwa bomba, alichagua kimoja, akailegeza nati yake kwa spana, kisha akashuka na kunawa mikono. Likiwa tupu, jukwaa lingevumilia. Likiwa na watu na matofali, lisingevumilia.

Mwanafunzi wa zamu alipaswa kukitafuta kibano hicho na kukikaza kabla wenzake hawajapanda kujenga. Aliyekikosa alikiri kwamba amekikosa, na mwalimu akapanda kukikaza mwenyewe. Aliyekipata alisema tu, "Kimekazwa, Mwalimu." Mahali kilipokuwa hapakutajwa mpaka darasa zima liwe juu. Mwalimu alitaka vijana wajifunze kupanda kwa kuliamini neno la mwenzao, kwa kuwa huko kazini ndivyo watakavyopanda maisha yao yote.

Siku hiyo zamu ilikuwa ya binti waliyemwita Nukta kwa udogo wa umbo lake. Alikuwa amekwisha kukosa mara mbili. Akikosa tena, angefutwa chuoni na kurudi nyumbani kushona nguo na shangazi yake, kazi aliyoichukia kuliko njaa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Spana hiyo hapo. Ukiona huwezi, sema mapema, usitupotezee asubuhi."

"Nitaweza."

"Hilo nimelisikia mara mbili."

Wenzake walikaa juu ya rundo la matofali wakimtazama. Binamu yake, kijana mnene aliyejulikana kwa jina la Bonge, hakuweza kuufunga mdomo.

"Nukta! Shangazi keshakutolea cherehani uani. Anauliza utaanza na mapazia au mashuka?"

"Nitaanza na suruali yako," alijibu bila kugeuka. "Hiyo uliyoipasua jana ukiinama kuokota mwiko."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mwalimu hakucheka.

Nukta alianza upande wa bohari. Jukwaa lilikuwa limesimama hapo tangu mvua zilipokatika, na upepo wa asubuhi ulipita ndani ya mabomba kwa mlio mwembamba, kama mtu apigaye mluzi kwa meno. Hakuyategemea macho. Alifanya kama alivyofundishwa: alikigonga kila kibano kwa spana, akasikiliza. Kilichokazwa hulia. Kilicholegea hunyamaza.

Kwenye sakafu ya kwanza ya mbao, vyote vya upande huo vililia.

Akapanda ya pili. Vikaendelea kulia, kimoja baada ya kingine, na kila mlio ulimsogeza karibu na cherehani. Jasho lilimwingia machoni. Chini, mwalimu aliitazama saa yake kwa namna ya mtu anayetaka aonekane akiitazama.

Kwenye nguzo ya kona aligonga, na hakusikia kitu.

Aligonga tena. Kimya.

Akapitisha kidole gumba nyuma ya kibano, akaupangusa utando wa buibui uliokuwa umetanda juu ya nati, akaizungusha kwa vidole. Nati ikazunguka bila ubishi.

Nusura aangue kilio. Badala yake aliikaza mpaka mabega yakamuuma, akagonga mara ya mwisho, na kibano kikalia vizuri kama kengele. Mbele yake ulikuwa umebaki upande wote wa barabarani. Aliutazama kidogo, akatabasamu, akashuka ngazi. Kibano kilikuwa kimoja tu. Hilo lilijulikana kwa kila mtu chuoni, hata mlinzi wa lango.

"Kimekazwa, Mwalimu."

Mwalimu alimkazia macho. "Una hakika?"

"Nina hakika."

"Wenzako wapande kwa neno hilo?"

"Wapande."

Mwalimu aligeukia darasa. "Mmemsikia. Haya, juu!"

Wakapanda na miiko yao, ndoo za saruji na matofali, wakisukumana na kutaniana. Nukta alibaki chini kando ya mwalimu, kama ilivyokuwa desturi kwa mtu wa zamu. Bonge ndiye aliyetangulia. Alifika sakafu ya juu kabisa, akaenda hadi ukingo wa upande wa barabarani, akatua matofali yake, akaanza kurukaruka juu ya ubao huku akipiga makofi.

"Nukta! Fundi wangu! Basi shangazi ashone mwenyewe!"

"Tulia huko juu, wee!" Nukta alimpigia kelele, akicheka na kujifuta machozi kwa mkono wenye kutu. "Utavunja mbao za watu!"

"Siogopi kitu! Si umekaza wewe?"

Wa mwisho alimaliza ngazi. Mwalimu alisafisha koo. Kwa mara ya kwanza tangu binti huyo aingie chuoni, alimwekea mkono begani.

"Umejitahidi, mwanangu. Nilidhani leo nitakuaga. Sasa nieleze, ulikikuta wapi?"

"Sakafu ya pili, Mwalimu. Nguzo ya kona, hapo upande wa bohari."

Mkono uliokuwa begani mwake ukaacha kupumzika, ukashika.

Kibano alichokilegeza mwalimu asubuhi ile kilikuwa upande wa barabarani.